Mashine Nzima kwa Bei ya Chuma Chakavu

Mpendwa Bi Khamisa, nakuja kwako na shida ambayo sikuweza kumpelekea imamu wetu kwa sababu najua atanijibu nini, wala wenzangu wa barazani kwa sababu na wao najua watanijibu nini, na majibu hayo mawili ndiyo yanayopigana kichwani mwangu tangu Jumamosi. Naomba msaada wako, na naomba pia barua hii usiichape mpaka jambo lenyewe liishe, ndiyo maana nimeileta kwa mkono wangu hapo ofisini kwenu, kwani bibi mwenye mashine ni msomaji wako, huufungua ukurasa wako wa gazetini hata kabla ya tanzia, na ukiitoa tu mimi nshakwisha.

Mimi naitwa Mcha, ni fundi charahani wa Jang'ombe, umri umevuka hamsini, tumbo limetangulia mbele na nywele zimebaki nyuma, na kazi yangu ni kuzifufua charahani za mabibi zetu, zile nyeusi nzito ambazo waliozitengeneza wenyewe wameshazisahau na vipuri vyake huvipati popote. Basi mimi huchukua kipande cha chuma nikakibana kwenye jiliwa nikakichonga kwa tupa mpaka kifanane na kile kilichokufa, hasa yale meno madogo yanayosukuma kitambaa chini ya sindano, ambayo jino moja likimzidi mwenzake kwa unene wa unywele basi mshono unakwenda upande kama mlevi anayetafuta kwao. Kazi hiyo zamani nilikuwa naiona tamu. Siku hizi vidole vinakufa ganzi, macho yanataka miwani juu ya miwani, na kila ikikaribia Ramadhani washonaji wa kanzu wananijazia kibanda, nami nawarudisha watu, Bi Khamisa, nawarudisha watu na charahani zao mabegani, na mtu aliyerudishwa mara mbili huenda akanunua charahani mpya ya plastiki, na mimi nabaki nimekaa na tupa yangu natazama wapita njia.

Kwa hivyo muda mrefu sasa roho yangu iko kwenye kitu kimoja tu, mashine ya kuchonga chuma ya kuwekwa juu ya meza, inayoongozwa na kompyuta, wenyewe wanaiita CNC, unaichorea kipuri kwenye kompyuta na yenyewe inakwenda huku na huku inakikata, cha kwanza na cha hamsini sawasawa kama mapacha. Nikishakula natazama video zake kwenye simu mpaka mke wangu Mwatima husema wenziwe waume zao wanatazama mpira au wanatazama wanawake, yeye wake anatazama chuma kinakatwa, na hajui amshukuru Mungu au anipeleke kwa mganga. Mpya siiwezi hata nikiuza kibanda na mimi mwenyewe nikiwa ndani yake.

Sasa sikiliza. Jumamosi niliitwa Kiponda kwa Bi Nassra, mjane wa marehemu Wakil, nikamtengenezee charahani yake. Marehemu alifanya kazi Maskati miaka mingi kwenye karakana ya kuchonga vyuma, na alipoacha kazi tajiri wake akamuuzia mashine moja waliyokuwa wakiitumia, akaja nayo kwenye kontena pamoja na makochi na majokofu, na niya yake ilikuwa afungue karakana yake hapa mjini, hakuwahi, Mungu amrehemu. Mimi hayo nilikuwa siyajui. Nilimaliza charahani, nikauliza kile kilichofunikwa shuka pale pembeni ni nini, bibi akaivuta shuka, na mimi, Bi Khamisa, nilikaa chini bila ya kukaribishwa. Ni hiyo hiyo ya kwenye video!

"Hiyo imekufa," akanambia. "Mpwa wangu alileta mtaalamu, akaiwasha, ikanguruma kidogo ikagoma, taa nyekundu. Akasema mota zimekwisha na vifaa vyake havipatikani tena. Simai wa vyuma chakavu, yule wa Mwanakwerekwe, anakuja Ijumaa kuipima kwa kilo."

"Lakini umeitunza," nikasema, maana ilikuwa inang'aa.

"Nimeitunza! Marehemu neno lake la mwisho juu ya mashine hii lilikuwa nisiiache ikashika kutu. Kila Ijumaa naipangusa kwa mafuta. Hakuna Ijumaa iliyonipita, hata nilipokuwa naumwa."

"Mafuta gani, Bi Nassra?"

"Mafuta gani tena? Ya nazi. Nayapika mwenyewe, kwa nazi za Kidichi."

Hapo ndipo shetani aliponivutia kiti. Maana charahani zinazoletwa kwangu wakati wa kipupwe zimegoma, nyingi zake hazina ugonjwa wowote ila mwenyewe kazitia mafuta ya nazi, yale yale ya nywele, kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu, na mafuta ya nazi kwenye chuma kwanza yanaganda kwa baridi, halafu yakikaa sana yanageuka manjano, yananata kama ulimbo, na mashine iliyokuwa nzima inakaza utadhani imekufa. Nusu ya riziki yangu ni mafuta ya nazi. Basi Bi Nassra alipokwenda jikoni kutia kahawa mimi nikatoa kichupa changu cha mafuta ya taa, nikaifuta skrubu moja ndefu iliyo chini ya meza ya mashine, ule ulimbo ukatoka vipande vipande, nikaizungusha kwa mkono, na ikateleza, Bi Khamisa, ikateleza kimya mpaka mwisho na kurudi. Nikafuta mikono. Nikairudisha shuka.

Akaja na kahawa na halua. "Na wewe unaonaje, fundi, imekufa?"

Na mimi, mtu mzima, baba wa watoto wanne, nikamjibu, "Mambo haya, Bi Nassra, Mungu ndiye anayejua."

Sikusema uongo, lakini ile halua ilikataa kupita kooni. Akanambia kama naitaka basi nimpe bei ile ile ya Simai ya chuma chakavu, angalau itakwenda kwa mtu wa ufundi, marehemu angefurahi. Nikasema nitampa jibu.

Bei ya chuma chakavu ninayo. Bei ya mashine nzima sina. Nikimwambia ukweli atajua kuwa ina thamani, na akijua yeye mji mzima utajua, watakuja wenye pesa zao na mimi nitabaki kuitazama kwenye simu. Na kuna jingine linaloniuma zaidi, nalo ni hili: nitamwambiaje mjane kuwa kilichoikwamisha mashine ya mumewe ni mkono wake mwenyewe, kila Ijumaa, kwa mapenzi? Labda kunyamaza ni huruma. Mwatima anasema ninunue kwanza, nimwambie baadaye, kwa upole. Mara naona ana akili sana, mara naona anataka tu niache zile video. Ijumaa inakuja. Ninunue au nisinunue?

Mcha, fundi charahani,
Jang'ombe


Fundi Mcha,

Barua yako sijaichapa, na jibu hili unaletewa kwa mkono leo Jumanne, kwa hivyo shusha pumzi. Ila usizishushe zote, maana nina maneno nawe.

Kwanza ujue unasema na nani. Mimi mashine pekee ninayoijua ni charahani, na hata hiyo inanijua mimi zaidi. Kuna mwaka fundi wangu aliifungua, akainusa, akaniuliza, "Bibi, hii unaishonea au unaisuka nywele?" Kwa hivyo habari ya mafuta ya nazi hukumwambia mgeni.

Pole kwa vidole. Pole kwa macho. Na hongera kwa kuwa halua imekukwama, maana wangekuwa wengine wangeomba na ya kufungiwa.

Kuitaka mashine si kosa. Kununua rahisi si kosa vilevile. Mtu akikuuzia rahisi na huku anakijua anachokiuza, chukua, shukuru, na upite njia ya mkato asije akajirudi. Lakini huyu hajui, wewe unajua, na umejua yeye akiwa amekupa mgongo anakutilia kahawa. Bei hiyo hakuishusha Bi Nassra, Mcha. Kimya chako ndicho kilichoishusha.

Na lile jibu lako! "Mungu ndiye anayejua." Mungu anajua, sawa. Na Mcha pia alikuwa anajua, mkono bado unamnuka. Usimtwishe Mola jambo ulilolisafisha kwa mafuta yako ya taa.

Sasa tuweke hayo kando, tuje kwenye akili, kwani naona na hiyo umeiacha Kiponda. Unaniandikia kuwa mashine ni nzima. Nani kakwambia? Umesafisha skrubu moja. Moja! Umesukuma mlango wa mbele ukafunguka vizuri, ukataka kununua nyumba na paa hujaliona. Nilimpigia simu mtu mmoja anayezifahamu mashine hizi, nikamsomea barua yako bila ya majina, akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akanieleza. Skrubu zote zisafishwe, kisha meza ya mashine ishikwe kwa mikono miwili itikiswe, na ikiwa inacheza basi imelika. Ile sehemu inayozungusha kisu izungushwe na isikilizwe, na ikilia kama inasaga mchanga basi ina ugonjwa wake. Kompyuta iwepo, programu yake iwepo, na zote mbili zifunguke. Halafu akanitaka niandike kwa herufi kubwa, nami naandika: USILIPE KABLA HUJAIONA IMEKATA CHUMA. Si kukata ubao, si kukata hewa huku wewe umefurahi. Chuma.

Umeuona mtego uliojitegea? Hayo yote huwezi kuyafanya Bi Nassra akiwa jikoni, hata angekuwa anapika biriani ya harusi ya mtaa mzima. Ukinyamaza ukainunua, na ikawa nzima, umemdhulumu mjane. Ukinyamaza ukainunua, na ikawa kweli imekufa, umenunua chuma chakavu kwa bei ya chuma chakavu, na dhambi ya niya ukaibeba bure. Hebu niambie, katika hayo mawili ni lipi la kumfurahisha mtu?

Unasema labda kunyamaza ni huruma. Huruma gani hiyo inayokuja na faida? Wewe unaogopa kumwambia nusu ya ukweli, kwa sababu nusu yake ndiyo inayouma. Basi mwambie wote. Kiponda ni mahali ambapo chumvi inapanda ukutani, kufuli tu ukilisahau linakuwa unga mkononi. Mashine ya chuma imekaa humo muda wote huu na wewe mwenyewe unasema ilikuwa inang'aa. Mafuta yale yameikwamisha, na mafuta yale yale yameizuia kutu. Mama huyu hakukosea kuitunza. Alikosea chupa tu.

Mwatima msalimie sana. Mwambie nimempenda hata kabla ya kumuona, lakini hiyo "baadaye, kwa upole" haipo. Baadaye Bi Nassra atauliza kwa nini hukusema mapema, na hapo huo upole utautafuta chini ya meza usiuone.

Basi fanya hivi. Nenda kesho, usingoje Ijumaa. Nenda na Mwatima, kwa sababu nyumba ya mjane haiendewi ovyo ovyo, na pia nataka awepo mtu wa kukushika kanzu usikimbie. Ukifika usikae na usinywe kitu. Sema kwanza. Muombe ruhusa uisafishe, bure, na uiwashe mbele yake. Ikikata chuma, mtajie bei yake ya kweli kama uijuavyo wewe, wala usiipunguze kidogo "kwa ajili ya ufundi". Kama huna, sema huna. Sema unacho kiasi gani na kilichobaki utakilipa vipi, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Akikubali, alhamdulillahi. Akikataa akamuuzia mwenye pesa zake taslimu, ni mali yake, wewe utarudi Jang'ombe na tupa yako na utalala usingizi wa mtu mzima.

Na jambo moja zaidi. Umeniandikia kurasa zote hizi, umenipa habari za tumbo lako na nywele zako, hukuniambia kama unajua kuwasha kompyuta. Naogopa kuuliza. Anza kujifunza wiki hii, mashine uipate au usiipate. Hamsini na kitu si maradhi.

Uliniuliza ununue au usinunue. Nunua! Nakwambia kwa moyo mmoja, nunua. Lakini ununue yeye akiwa anatazama.

Bi Khamisa


Wasomaji wangu, nilikaa nikingoja barua ya Mcha. Iliyokuja si yake. Naichapa pamoja na zile mbili za mwanzo, kwa ruhusa ya wahusika, na majina wamesema niyaache kama yalivyo.


Bi Khamisa,

Naandika mimi, mwenye mashine. Fundi Mcha anasema ana kazi nyingi hapati nafasi ya kukuandikia. Usimsadiki, anaona haya.

Alikuja Jumatano asubuhi, mkewe nyuma yake kama askari na mfungwa.

"Shikamoo, Bi Nassra."

"Marahaba. Karibuni, kaeni."

Hakai. Kahawa? Hataki. Nikasema moyoni, huyu ama kaja kukopa ama kavunja kitu cha watu. Akasimama katikati ya ukumbi wangu na dumu la mafuta ya taa mkononi, akanieleza yote kwa pumzi moja, skrubu, jikoni, shuka, na jibu lake lile la Mungu ndiye anayejua, jasho linamtiririka na nje kipupwe kinavuma. Mwatima kila akiona mumewe anapunguza mwendo anamtia kiwiko mbavuni.

Nilimwacha amalize. Halafu nikamuuliza, "Kwa hivyo mimi ndiye niliyeiua?"

Mcha akaliweka dumu chini. Akazunguka nyuma ya mashine, akafungua kifuniko cha bati kilichobanwa karibu na ukuta, pahala ambapo kitambaa changu hakifiki, akaniita nitazame. Ndani humo vyuma vimekuwa vyekundu. Alivigusa kwa kidole, vikamomonyoka.

"Hivi ndivyo ingekuwa yote," akanambia. "Kila pahala ulipofika mkono wako, Bi Nassra, chuma kizima."

Mimi si mtu wa kulia mbele ya mafundi. Nikasema nakwenda jikoni kutia kahawa, na safari hii nikamwagiza Mwatima amuangalie mumewe asiguse kitu mpaka nirudi.

Kazi ya kuisafisha ilikuwa kubwa. Mcha ana mikono mizito kuliko anavyokwambia, mwenye subira ni Mwatima, alikaa na mswaki wa meno anachokoa ulimbo ule kila kijishimo, huku ananilaumu kwa utani, "Bi Nassra, mafuta yote haya, ungenipa mimi nywele zangu zingefika Chukwani." Wakaitikisa, wakaizungusha, wakaisikiliza. Kisha wakaiwasha.

Taa nyekundu.

Nilimuona Mcha amekuwa mdogo pale pale. Nikamwambia, "Fundi, mashine imekaa muda wote huu haikuguswa na mtu anayejua, na wewe unataka iitikie naam mara moja?" Akarudi nyuma kwenye ile kutu, akakuta waya umeachia, akausafisha akaubana, akawasha tena. Meza ikasogea. Ikaenda kushoto, ikarudi, ikaenda mbele. Wakabana kipande cha chuma. Kompyuta ya marehemu bado ina michoro yake, wakafuatisha video ya kwenye simu ya Mcha, wakachagua mdogo kabisa, na kisu kikashuka kikaanza kukata. Sauti ile mara ya mwisho niliisikia Maskati, nilipokuwa nampelekea marehemu chakula karakanani, nami husimama nje ya mlango nikingoja imalize ndipo niite. Nilisimama vivyo hivyo. Nusura niite.

Ijumaa baada ya sala Simai akapiga hodi. Sisi tuko ndani, mashine inakata.

"Bi Nassra, mbona maiti inanguruma?"

"Muulize mwenyewe, yuko hai."

Akaingia. Akaitazama mashine, akamtazama Mcha, akaitazama tena, na hapo hapo akanitajia bei. Nilinyamaza tu, sikuwa nafanya ujanja. Akataja nyingine, mara mbili ya ile. Nikamwambia, "Kumbe unajua kuhesabu vitu visivyokuwa kilo?" Akacheka. Hana haya hata chembe, na pesa anazo, mfukoni, za siku ile ile.

Nikamgeukia Mcha. "Na wewe?"

Kashika kitambaa chake kichafu, uso umemshuka. "Hizo mimi sina, Bi Nassra. Ninazo nilizokwambia, na zilizobaki kidogo kidogo. Simai anakupa zote leo. Mali ni yako." Na wallahi akaanza kukusanya bisibisi zake kuzitia mkobani. Mwatima hakumtia kiwiko. Aliinama akamsaidia kukusanya.

Nikawatazama wale wawili wameinama. Nikasema, "Simai, umechelewa. Huyu keshatoa arbuni."

"Arbuni ngapi? Nitamrudishia mimi, na zaidi."

"Hairudishiki. Aliitoa Jumatano, kasimama pale pale uliposimama wewe."

Simai akanitazama, akamtazama Mcha, akatazama sakafu kama pesa zenyewe ziko chini. Nasikia mpaka leo anauliza watu arbuni ilikuwa kiasi gani.

Tukaandikiana, mashahidi wakatia saini, bei ya haki kabisa, na mwezi wa kwanza ameshalipa. Kompyuta amejifunza mpaka anatutia maradhi kwa kutueleza. Meno ya charahani yanatoka sasa sawasawa kama ya mtoto, na washonaji wake hawarudishwi. Lakini mimi nilichotaka kukueleza ni siku ya kuitoa.

Mahamali waliibeba kwa miti, wanne mbele wanne nyuma, maana kichochoro chetu gari haliingii. Nilikataa itoke na shuka kuukuu. Niliifunika kanga zangu mpya, jozi nzima ambayo haijashonwa pindo. Basi ikatoka, inayumba polepole kati ya kuta, imefunikwa gubigubi, Mcha mbele anawaomba watu wapishe, sisi wanawake nyuma. Madirisha yakaanza kufunguka juu.

"Jamani, harusi ya nani leo?"

Mcha akafungua mdomo aeleze habari za CNC. Mwatima akamuwahi, akapaza sauti mpaka mwisho wa mtaa, "Ya mume wangu! Anaongeza mke, na posa nimekwenda naye mimi mwenyewe!"

Kichochoro kizima kikalipuka vigelegele, kutoka madirishani, kutoka milangoni, watu hata hawajui wanamshangilia nani. Fundi Mcha akawa anatembea kama bwana harusi aliyesahau kuvaa viatu, kichwa chini, na anacheka mpaka mabega yanatikisika. Nami, Bi Khamisa, kwa umri wangu huu, nikashika kanga yangu kichwani, nikapiga changu, kirefu, na sikukikata mpaka tulipotokea barabarani.

Nassra,
Kiponda